Udongo Unaokataa Maji

Vumbi la Eastlands lina kiburi. Mwezi wa Januari, kiangazi kikiwa kimebana, wingu moja likipita juu ya Kayole na kudondosha matone machache, hebu angalia chini. Maji hayazami. Yanajikunja kuwa shanga ndogo zilizovaa vumbi, kisha yanabingirika kutafuta mteremko. Sisi husema ardhi ina kiu. Lakini ni nani mwenye kiu anayetema maji?

Udongo ukikauka kupita kiasi unaweza kukataa maji. Chanzo ni nta na mafuta. Majani yana nta, mizizi ina mafuta yake, na kuvu wanaoozesha takataka huacha utando wao. Vitu hivi hupaka chembe za udongo. Palipo na unyevu, utando huo hausumbui. Pakikauka kabisa, upande wake unaopenda maji hujificha, ule unaoyachukia ukatazama nje. Umeona vile maji hukaa juu ya jani la nduma? Ni hivyo hivyo.

Mimi jambo hili lilinifikia kupitia mfuko. Shosho wangu ana magunia matano ya sukuma juu ya paa la ploti. Kilimo cha gunia si kigeni Nairobi. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, shirika la Ufaransa la Solidarités lilikisambaza Kibera na Mathare. Unajaza gunia udongo na samadi, unasimamisha nguzo ya mawe katikati ya kupitisha maji, unapanda mboga juu na ubavuni.

Shida ni kwamba paa ni simiti, na jua hulipiga kutwa. Mfereji nao ukikauka, na hukauka sana, maji ni ya kununua: mtungi wa lita 20, bob 20. Shosho alikuwa akimwaga mitungi miwili kila jioni. Kila jioni maji yalitokea chini ya magunia, yakachora mto hadi ukingoni, yakaangukia nguo za wapangaji wa chini. Sukuma zikazidi kunyauka.

"Nimechoka kunywesha simiti," aliniambia. "Hii maji inaenda wapi?"

Alikuwa tayari kuyamwaga yote. Na kwake yale magunia si mapambo. Ni mboga ya jioni, na mafungu mawili matatu ya kuuzia majirani, pesa ambayo haombi mtu.

Jumamosi moja tukapasua gunia moja. Juu kulikuwa na sentimita mbili za tope. Kandokando ya mawe, mchirizi mweusi wa unyevu. Kwingine kote vumbi, kavu kama unga wa chapati. Mitungi yote ile ilikuwa imepita kwenye kichochoro kimoja ikatokea chini, na mizizi mingi haikuonja kitu.

Hiyo ndiyo tabia ya udongo huu. Maji yakipata upenyo mmoja, pale hulowa. Pakishalowa huacha kukataa, basi maji ya kesho nayo hupita hapo hapo. Palipolowa hulowa zaidi, palipo pakavu hubaki pakavu. Kama unaishi mtaa ambao ploti moja hupata maji kila siku na jirani yake mara moja kwa wiki, huhitaji kuchorewa picha. Mtungi wa tatu ungewafaidi wapangaji wa chini pekee.

Udongo huu hausikii wingi wa maji. Husikia muda. Maji yakikaa juu yake kidogo kidogo, utando hulegea na chembe huanza kukubali. Wenye viwanja vya gofu huko Uingereza na Marekani hununua kemikali za kuharakisha kazi hiyo. Sisi tulitoboa vifuniko vya chupa za soda, tukazijaza maji, tukazipindua juu ya magunia zidondoke usiku kucha.

Halafu kuna mfinyanzi. Mchanga hushikwa na tatizo hili haraka, kwa sababu chembe zake ni kubwa na nta kidogo tu hutosha kuzipaka. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno na nyingi mno, nta haizitoshi. Ndiyo maana wakulima wa Australia wenye mashamba ya mchanga huyachanganya na mfinyanzi. Na sisi Eastlands tumekalia nini? Ule udongo mweusi unaonata viatuni, ambao mafundi huuchimba na kuutupa kabla ya kuweka msingi. Una ubaya wake: ukilowa hufura na kujifunga, maji yakasimama juu. Lakini karai moja kwa kila gunia, ikichanganywa vizuri, haifungi kitu. Tukaukusanya bure kwenye mjengo wa jirani, tukaweka, tukafunika juu kwa nyasi ili jua lisikaushe tena.

Siku hizi Shosho hununua mtungi mmoja. Bob 20 kwa siku ni bob 600 kwa mwezi, na wapangaji wa chini wanaanika nguo kwa amani.

Kama una gunia au ndoo ya dania kwenye kibaraza, dondosha tone moja juu ya udongo mkavu, uhesabu. Likizama kabla ya sekunde 5, mwagilia kama kawaida. Likikaa pale linang'aa, punguza haraka, si maji. Shosho hufanya hivyo kila asubuhi. Anahesabu kwa Kikuyu, polepole, na akifika tano huwa mimi nimeshafika nane.