Chakula cha Safari

Kila Kwaresima inapokaribia, hapa usharikani Buzuruga huwa tunasikia maneno haya: "Mchungaji, mwaka huu nafunga, na mwili nao utapungua humo humo." Hatuwalaumu wasemao hivyo. Presha na kisukari ni magonjwa yaliyoingia katika nyumba zetu nyingi, na tumewazika watu ambao bado tuliwahitaji. Lakini mfungo ni wa kumtafuta Mungu. Kupunguza mwili ni kazi nyingine yenye kanuni zake, na kanuni hizo nazo ni za Muumba.

Kanuni yenyewe ni hesabu. Chakula huingiza nguvu mwilini, kazi huitumia, na inayobaki huwekwa akiba kama mafuta. Nguvu hiyo hupimwa kwa kalori. Gramu moja ya wanga au sukari ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina 9. Ndiyo maana sato wa kuchemsha si sawa na sato yule yule akizamishwa kwenye karai la mafuta. Soda ya mililita 350 ina karibu kalori 150, na mtu wa kilo 70 hutumia takribani kiasi hicho akitembea kwa haraka nusu saa. Basi ukitembea nusu saa, kisha ukafika stendi ukafungua soda, hesabu imerudi pale pale.

Kwa hiyo njia mbili hutuchosha bure. Mmoja hushinda na mlo mmoja huku ameketi. Hupoteza hata misuli, njaa humshinda, na uzito hurudi. Mwingine hutembea kila alfajiri, kisha hujipongeza kwa chapati na chai ya vijiko vinne vya sukari. Tunashauriana hivi: punguza kidogo, tembea kidogo, na vyote viwili viwe vya kila siku. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya kawaida kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Sisi tunaokaa juu ya miamba ya Mwanza tuna uwanja usiolipiwa: kushuka barabarani na kupanda tena kwa miguu, bodaboda ikapumzika.

Lipo jambo jingine lisilosemwa sana. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, Kanda ya Ziwa yote ilijifunza kuogopa kukonda. Hata leo mama akipungua kilo tano, minong'ono huanza. Mmoja wetu alisema wazi: "Nikikonda, mama mkwe atasema kwangu hakuliki." Daktari amemwambia apungue, na jirani anamtaka abaki vile vile. Huyo hatuwezi kumwachia ratiba ya mlo tu. Tunatembea naye. Wakipita akina mama kumi pamoja Jumamosi asubuhi, wakisalimia kila mlango, hakuna wa kunong'onwa peke yake.

Tumkumbuke Eliya katika 1 Wafalme 19. Alikuwa amechoka hata akatamani kufa. Malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena, kwa sababu mbele yake palikuwa na safari. Kisha Eliya akainuka akatembea siku 40. Chakula kile hakikuwa adui yake, wala hakikuwa cha kumfanya aendelee kuketi chini ya mti. Kilikuwa kipimo cha njia aliyowekewa.

Basi, wapendwa, anayetumia dawa za kisukari asifunge wala kubadili mlo kabla ya kuongea na daktari wake, maana sukari inaweza kushuka hata azimie. Wengine wote, tukiomba riziki ya leo, tuombe pia miguu ya kuitumia. Tule tukishukuru, tuinuke mezani kabla ya kulemewa, na tutoke nje kumwendea jirani.