Wageni wa Muhogo

Kirusi ninachokiogopa zaidi ni kile ambacho muhogo unakivumilia.

Batobato haijifichi. Majani hujikunja, hutoka mabaka ya njano, na mpita njia yeyote hapa Nansio huiona. Michirizi ya kahawia, ugonjwa ulioelezwa mwaka 1936 na H. H. Storey akiwa Amani, Tanga, ni wa kimyakimya. Shina linaweza kusimama vizuri miezi yote. Siku ya kuvuna ukikata muhogo, ndani unakuta madoa makavu ya kahawia. Nzi weupe hueneza magonjwa yote mawili shamba hadi shamba. Safari ndefu huwa tunayabeba sisi wenyewe, ndani ya mbegu, yaani mashina tunayopeana.

Muhogo haukai tu ukisubiri kufa. Kirusi kikiingia, seli hukatakata ujumbe wake wa kijenetiki. Nacho huja na protini ya kuzuia mkasi huo. Zipo aina ambazo hazishindi wala hazishindwi: zinazaa vizuri huku zikiwa na kirusi mwilini. Kustahimili si kupona.

Chini ya udongo, mmea huohuo ni mwenyeji mkarimu. Mizizi yake ni michache na minene, hivyo ukipungukiwa fosforasi hutoa kemikali za kuwaita fangasi wa mikoriza. Ukuta wa fangasi hawa hufanana na wa fangasi waharibifu, ila wao hubisha hodi kwa ishara ambayo mzizi unaitambua. Mmea hulegeza ulinzi, huwaingiza mpaka ndani ya seli, huwapa sukari na mafuta, nao huuletea fosforasi.

Nasomea afya ya mimea, shahada ya uzamili. Hayo yote nilimweleza bibi yangu, ambaye mbegu zake zimepandwa nusu ya kitongoji. Ukerewe mtu akiomba mbegu hanyimwi. Akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, akija mtu nimwambieje?"

Nikamwambia tung'oe kwanza, tupasue, tutazame. Tuling'oa mashina sita. Manne yalikuwa meupe ndani, mawili yana madoa, na juu yote sita yalikuwa ya kijani sawasawa.

Jioni alikuja jirani kuomba mbegu. Bibi alimkaribisha, akampimia unga wa udaga, akamwambia mbegu mwaka huu hana. Alipoondoka, bibi alikaa muda mrefu bila kunisemesha.