Kusimamisha Bila Kuua

Programu ikikwama, wengi wetu tunaizima na kuiwasha upya. Ikirudi kufanya kazi tunashukuru Mungu na kuendelea. Lakini kuzima ni kuzika maiti usiku usiku: sababu ya kifo nayo inaingia kaburini.

Katika kampuni ndogo niliyofanyia kazi Kinondoni, tulizima na kuwasha karibu kila wiki. Mfumo wetu ulipokea malipo kutoka kwa mawakala, na mmoja wa mawakala hao alikuwa shangazi yangu, mwenye kibanda Mbagala Rangi Tatu. Mfumo ulipokwama, mteja alikuwa ameshatoa noti zake na malipo hayajafika. Tulipouzima, yaliyokuwa njiani yalipotea. Ofisini tulisema tatizo limekwisha. Mbagala, majirani walianza kusema mama yule anakula pesa za watu.

"Mwanangu," aliniambia kwenye simu baada ya kuitikia shikamoo yangu, "pesa nitasubiri hata mwezi. Jina langu nani atanirudishia?"

Ipo njia nyingine ya kushughulika na programu iliyokwama: kuisimamisha bila kuiua. Kazi hiyo hufanywa na debaga. Inayojulikana sana kwenye Linux ni GDB, iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986. Haina uchawi, ni programu kama nyingine. Huiomba keneli, kwa wito uitwao ptrace, iishike programu nyingine: kuisimamisha, kusoma kumbukumbu na rejista zake, hata kuzibadilisha, kisha kuiachia.

Ukitaka programu isimame mahali fulani, debaga huweka kituo. Kwenye prosesa za Intel na AMD, huondoa baiti moja ya maelekezo na kuweka 0xCC mahali pake. Prosesa ikifika hapo, keneli huisimamisha programu na kuiarifu debaga. Ukishachungulia, baiti ya awali hurudishwa na safari inaendelea. Ni kama konda anavyogonga bati la daladala: gari linasimama, na abiria wote wamo ndani vilevile.

Shida ni hao abiria. Ukiishika programu inayohudumia watu, wote wanasubiri. Kwa hiyo jioni moja ilipokwama tena, niliomba dakika chache tu kabla haijazimwa. Nilitumia gcore, amri inayoisimamisha programu kwa muda mfupi, ikaandika kumbukumbu yake kwenye faili na kuiachia. Wenzangu wakawasha upya. Mimi nikabaki na faili.

Nilikuta nyuzi mbili zinasubiriana. Wa kwanza ulishika kufuli la akaunti ukitaka la risiti. Wa pili ulishika la risiti ukitaka la akaunti. Kila kufuli lilikuwa na namba ya uzi ulioshikilia. Zilikuwa kama bajaji mbili zilizokutana kichochoroni Tandika, kila dereva akingoja mwenzake arudi nyuma. Dawa ilikuwa fupi: kila uzi uanze na kufuli la akaunti.

Humo pia mlikuwa na malipo ambayo kila tukizima tulikuwa tunayafuta: kiasi, saa, namba za simu. Tuliyalinganisha na daftari la shangazi. Yakakubaliana, moja baada ya jingine.

Faili lile lilinitisha kidogo. Mlikuwa na mambo ya watu ambao hawakunipa ruhusa yoyote. Sasa naelewa kwa nini Ubuntu, kwa mpangilio wake wa kawaida, huizuia programu kuishika nyingine ambayo haikuizaa yenyewe, isipokuwa kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Anayeweza kuisimamisha programu anaweza kuisoma yote. Nilichukua nilichohitaji, nikalifuta.

Shangazi hakuuliza habari za nyuzi wala makufuli. Pesa zilipofika, alijifunga khanga yake, akabeba daftari kwapani, akaenda nyumba kwa nyumba.