Ndiyo Arobaini na Mbili

Nilipanda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1976 nikitokea ofisi ya wilaya, nilikokuwa karani. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 hukutoka sekondari ukaingia moja kwa moja chuo kikuu. Ufanye kazi kwanza, kisha tawi la TANU likuandikie barua. Mhadhiri Walter Rodney alikuwa ameshaondoka, ila kitabu chake cha 1972, cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilizunguka bwenini hadi jalada likang'oka. Tulibishana mpaka usiku wa manane: ubeberu, tabaka, unyonyaji. Mkulima hakukosekana katika sentensi hata moja. Chumbani hakuwemo.

Mwaka wa tatu nikatumwa utafiti Rufiji, na bunda la hojaji za stensili. Watu wa bondeni walikuwa wamehamishiwa miinukoni baada ya mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1960, wakapangwa katika vijiji vya ujamaa. Swali la 9: "Ulihamia kwa hiari?" Nilihoji kaya 42. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mkarimu kwelikweli, alinipeleka nyumba hadi nyumba na kuketi nami mkekani. Nikapata ndiyo 42. Nilifurahi, sifichi; jedwali lilipendeza.

Siku ya mwisho bibi mwenyeji wangu alikuwa anashuka shamba, nikamfuata. Tulitoka alfajiri, tunafika bondeni, jua limeshachoma. Palikuwa na dungu, kibanda juu ya nguzo, ambamo zamani walikaa msimu mzima wakiamia ndege na kufukuza nguruwe kwenye mpunga. Akafukua ardhi kwa kidole gumba cha mguu. Udongo mweusi, umelowa bado.

"Maji yakishuka tunapanda mlau hapa. Mahindi yanaota bila mvua. Kule juu mchanga mtupu."

"Mbona swali langu ulijibu ndiyo, bibi?"

"Mjukuu wangu, si ulikuja na mwenyekiti?"

Kwenye tasnifu jedwali nililiacha, chini yake nikaandika nani alikuwa ameketi mkekani. Msimamizi akakikata kipande hicho kwa wino mwekundu: si takwimu.

Baadaye nikawa bwana maendeleo, hadi kustaafu. Kila kijiji kipya niliomba nipelekwe shambani kwanza, kwa miguu, na mwenye shamba peke yake. Madereva walinichukia, walilala garini wakinisubiri mpaka jioni.