Tusimwite Mtoto Kilaza



Wapendwa wazazi na walezi, shule zinapofungwa watoto wetu hapa Mlali hurudi nyumbani na karatasi ya matokeo. Swali letu la kwanza huwa ni lile lile: “Umekuwa wa ngapi?” Mtoto aliyepanda kutoka alama 20 hadi 38 hukosa jibu la kutufurahisha, kwa kuwa angali miongoni mwa wa mwisho. Nafasi yake tumeiona. Bidii yake hatukuiona.

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza wanafunzi na shule kumi bora kitaifa. Hata hivyo, majumbani tungali tunatunza orodha yetu: huyu ana akili, yule ni kilaza.

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano. Waliosifiwa kwamba wana akili, walipokutana na maswali yaliyowashinda, walikata tamaa upesi na baadaye wakafanya vibaya zaidi. Waliosifiwa kwa juhudi waliendelea kujaribu. Basi si tusi peke yake linaloumiza. Hata sifa isiyopimwa humfanya mtoto aogope kukosea.

Mkulima wa mboga wa huku kwetu anaijua hekima hii. Mche ukidumaa kitaluni, hautukani. Huchunguza udongo, maji na wadudu. Nasi tujiulize: je, mtoto anaona vema ubaoni? Amekula? Anapata muda wa kusoma kabla ya giza, au kazi za nyumbani huimaliza jioni yake? Kumwambia “jitahidi” bila kumsaidia ni kumtwika mzigo tu.

Kwa hiyo karatasi ijayo tuisome pamoja naye. Tumwulize: “Ni nini umekielewa ambacho muhula uliopita hukukielewa? Wapi pamekushinda, na nani atakusaidia?” Kusema “bado hajajua kugawanya” si sawa na kusema “hawezi kugawanya”. Kauli ya kwanza huuacha mlango wazi. Ya pili huufunga, na mtoto aliyefungiwa mlango huiacha shule moyoni kabla ya kuiacha kwa miguu.

Wahenga walinena: haba na haba hujaza kibaba. Tuihesabu na ile haba ya mtoto wetu.