Soko na Mji: Kumsoma R. A. Obudho Kutoka Migori

Sisi wahakiki wa fasihi ya Kenya aghalabu tunapotaja mji huwa tunakusudia Nairobi. Mwaka 1976 Meja Mwangi alichapisha riwaya ya Going Down River Road, na tangu hapo mhusika wa mjini kwetu amekuwa kibarua wa mjengo. Mwaka uo huo R. A. Obudho, mtaalamu wa taaluma ya miji, alichapisha pamoja na Peter P. Waller kitabu Periodic Markets, Urbanization, and Regional Planning, kinachochunguza magulio ya magharibi mwa Kenya. Cha kwanza nimekifundisha miaka mingi. Cha pili niliwaachia wanajiografia.

Kosa hilo halikuniumiza mimi. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Migori, aliniletea pendekezo la utafiti kuhusu lugha ya wachuuzi: namna Kijaluo, Kikuria na Kiswahili zinavyokutana sokoni, karibu na mpaka wa Tanzania. Nilimrudishia karatasi nikiwa nimeandika pembeni: "Hapa pana soko, mji uko wapi?" Alibadilisha mada, na hatimaye akaacha masomo.

Obudho nilimsoma baadaye. Kazi zake zina mkondo mmoja: magulio, kisha mifumo ya miji ya Afrika aliyoihariri pamoja na Salah El-Shakhs (1979), kisha Urbanization in Kenya (1983), ambamo anatetea mipango ya maendeleo inayoanzia chini, hadi makazi ya mabanda (1988). Nilichojifunza kwake ni kwamba gulio si upungufu wa mji. Watu hukutana kwa siku maalumu, huduma huwafuata watu, majengo hufuata huduma.

Nikiwa na fikra hizo nilitoka Migori, nikapitia Rongo hadi Homa Bay, yaliyokuwa makao makuu ya wilaya ya Nyanza Kusini kabla Migori haijamegwa mwaka 1992. Karibu na ziwa nilimsikia mama mmoja akinadi omena kwa Kijaluo, akikubaliana bei na mgeni kwa Kiswahili, kisha akimsuta mdeni wake kwa fumbo lililowachekesha wote waliokuwapo. Fani ilikuwapo, na hadhira ilikuwapo. Aliyekosekana ni mhakiki.

Swali langu la pembeni lilikuwa limebeba jibu lake. Laiti ningempata mwanafunzi yule, ningemwomba karatasi ile niifute kauli yangu kwa mkono wangu mwenyewe.