Jasho Chini ya Tandiko

Mjomba wangu alikuwa akinunua na kuuza ng'ombe katika bonde la Ruzizi kabla vita havijamfikisha Kentucky. Kwa hiyo nilipomtembelea huko, likizo ya mwaka wangu wa pili chuoni Kampala, sikushangaa kumkuta anafanya kazi katika mabanda ya farasi. Nilishangaa kusikia anataka kununua wake. Alikuwa na dola 6,000, akiba ya miaka minne ya kuzoa samadi, na zote alizitengea binti yake wa miaka 13.

Binti alitaka farasi wa mashindano yaitwayo Western Pleasure. Si mbio. Farasi huzunguka uwanja pamoja kwa hatua, kisha kwa mchakamchaka wa polepole, kisha kwa shoti ya taratibu, na mwamuzi humtafuta aliye mtulivu na mwenye mwendo mzuri: kichwa usawa wa mabega, hatamu imelegea, mpandaji kama amekaa sebuleni kwake. Anachouza muuzaji, basi, ni utulivu. Na utulivu si pembe wala kiwele, unaweza kutengenezwa asubuhi ileile. Kuna dawa ya kumlegeza farasi, kuna ya kuficha maumivu ya mguu, na kuna njia ya bei rahisi zaidi: kumkimbiza mpaka achoke.

Muuzaji wa kwanza aliishi jirani tu. Tulimkuta farasi wa aina ya Quarter Horse, maksai wa miaka tisa, ameshatandikwa anatungoja. Mjomba alimkuna shingo, akapitisha vidole chini ya tandiko, akanyamaza. Binamu yangu akapanda. Nakiri nilidhani tumeshapata, maana farasi yule alikwenda kama maji ya mtaroni.

Walipokuwa wakipita mbele yetu, mjomba aliniambia kwa Kiswahili, huku akitabasamu kama anayesifu, "Alikuwa ameloa jasho kabla hajapandwa. Wamemchosha."

Binamu yangu ni wa kuulizwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alisimamisha farasi, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, nimesikia."

Mjomba aliomba daktari wa mifugo aje amkunje farasi miguu na kumkimbiza, apige picha za eksirei za kwato za mbele, achukue na damu. Muuzaji alikubali yote isipokuwa damu. Akaongeza kwamba mnunuzi mwingine anakuja jioni na fedha taslimu. (Mnunuzi huyo namjua. Hata kwenye minada ya ng'ombe ya Mbarara yuko njiani siku zote.)

Tuliondoka. Binti hakusema neno siku mbili, nami niliona mjomba amekuwa mkali mno. Nikamwambia huenda mtu yule alimpasha farasi wake misuli tu, kama wafanyavyo hata waaminifu.

"Inawezekana," alinijibu. "Lakini damu alikataa kwa nini?"

Wa pili alikuwa jike wa miaka 12, mwenye kovu gotini. Mama aliyemuuza hakuwa amemtoa malishoni. Alimpa binti kamba, akamwambia akamkamate mwenyewe, kisha akatuhesabia kasoro: hapendi kupanda trela, na mwaka uliopita alichechemea wiki nzima. Daktari alimkunja, akampiga picha, akachukua damu. Mjomba alilipa dola 5,000, na sehemu kubwa ya zilizobaki ikaenda kwa daktari. Shoti yake haifikii ya yule maksai, hilo binti alilisema wazi.

Jioni moja kabla sijarudi Kampala nilimkuta akimsugua mgongo kwa kitambaa.

"Yaya," aliniita, kama tunavyowaita wakubwa wetu kwetu Kivu, "jasho lina wingi?"

Mwaka wa pili wa shahada ya Kiswahili, na sikuwa na jibu la haraka.